Shauri la Saba Kuhusu Kutowika kwa Jogoo wa Jumba

Hapo zamani, makarani walipokuwa wengi kuliko mambo ya kuandikwa, palifunguliwa katika mji wa Kingojani Shauri la Saba Kuhusu Kutowika kwa Jogoo wa Jumba la Sultani. Likapigwa mihuri minne, na mshitakiwa akawa Pandu, seremala asiye na kitu ila tezo, msumeno na kibanda kimoja ubavuni mwa ukuta wa jumba. Humo ndimo alimolala na humo ndimo alimochongea. Waziri Mugheri alikitamani kibanda hicho kwa ajili ya punda wake, na Pandu alilijua hilo fika, kwani punda mwenyewe alikwisha kuletwa mara mbili kupimwa kama mlango unamtosha.

Desturi ya mji ilikuwa hivi: mtu akidai jambo, kwa kila sababu anayoitoa hupigiliwa mguu mmoja chini ya ubao, kisha mdai hukikalia kigoda hicho mbele ya watu. Kikimbeba, ameshinda. Lakini miaka ilipopita makarani wakaona kuchonga ni usumbufu, wakawa wanahesabu tu.

Basi siku ya baraza waziri akasimama, akasema, "Maulana, ninazo sababu tatu. Kwanza, Pandu alihamia pale Alhamisi, na tangu Ijumaa jogoo hajawika. Pili, Pandu ni mchawi, maana amemfunga jogoo mdomo. Tatu, ni yeye aliyemfunga jogoo mdomo, maana ni mchawi."

"Miguu mitatu," karani akaandika. "Inatosha."

Sultani akasema, "Ewe Pandu, jitetee. Ila ujue, kumkanusha waziri wetu ni kosa la viboko. Basi jitetee pasipo kukanusha neno lake hata moja. Ukishindwa, jioni hii kibanda ni cha punda."

Watu wakaangua kicheko. Pandu akainama.

"Maulana, mimi ni nani hata nimkanushe mheshimiwa? Nayakubali yote. Naomba jambo moja tu: kigoda chake nikichonge mimi, bure, kwa kufuata maneno yake, asije akashinda na hana pa kukaa."

"Angalau adabu anayo," akasema waziri.

Ikawa kabla ya adhuhuri Pandu amerudi na kigoda. Mguu mmoja ulikuwa mnene, wa mvule, umefika chini barabara. Wa pili ulishuka nusu ya njia ukapigiliwa kwenye wa tatu, na wa tatu nao ukapigiliwa kwenye wa pili, wala hapana uliogusa sakafu.

"Mwehu wee!" waziri akamaka. "Miguu gani hii?"

"Ni yako, Bwana Mkubwa. Wa kwanza ni kwamba nimehamia na jogoo hawiki. Ni kweli tupu, ndiyo maana umefika chini. Wa pili nikauuliza, wewe umesimama juu ya nini? Ukanijibu, juu ya wa tatu. Na wa tatu je? Juu ya wa pili. Nilitaka kuurefusha mmoja, nikaogopa. Kumtilia waziri maneno kinywani sijui ni viboko vingapi."

"Lakini hiki kitaanguka!"

"Hayo umeyasema wewe, bwana. Mimi nimekatazwa."

Masharubu ya Sultani yakaanza kutetemeka. "Keti, Waziri. Ni desturi."

Basi waziri akaketi. Kilemba kikatangulia chini, mwenyewe akafuata, na karani aliyemshika mkono akaenda naye. Sultani akacheka hata akajifuta machozi, akaamuru kibanda kiandikwe kuwa cha Pandu maisha yake yote, na punda abaki kwa mwenyewe.

Kisha akasema, "Lakini ni kweli jogoo hawiki. Nani amekwenda bandani kumtazama?"

Makarani wakapekua shauri lote, kurasa thelathini na mbili. Hapakuwa na aliyekwenda. Akaitwa mpishi, naye akajibu papo hapo, ila hapo nyuma hakuna aliyemuuliza.

Jogoo alichinjwa Alhamisi jioni, wageni walipofika ghafla. Alipikwa pilau, na firigisi aliila Sultani mwenyewe.