Mbuzi wa Suluhu

Ndugu zangu, palikuwa na mwanamke aliyeolewa katika ukoo wenye utaratibu wake. Mume akimpiga mke hadi kumuumiza, wazee hukaa kikao, humkaripia, kisha humtoza mbuzi. Mbuzi huchinjwa palepale, huliwa na wote, na wakishanawa mikono neno limekwisha. Humwita mbuzi wa suluhu. Sasa jiulizeni, mbuzi huyo hupikwa na nani? Hupikwa na aliyepigwa.

Mwanamke huyu alikuwa ameshapika wengi. Alijua mzee yupi hapendi utumbo na yupi hudai supu kwanza. Safari hii alipigwa kwa mpini wa jembe, mkono wa kulia ukavimba hata vidole havikunjiki. Wazee walipokaa, aliuweka mkono ule juu ya goti ili wauone. Walimwambia mume amekosa. Mume akainamisha kichwa, akakiri, akaenda zizini. Alirudi akimkokota beberu mweupe mwenye doa jichoni, na mwanamke akamtambua kwa mbali. Alikuwa wake. Alimnunua akiwa mdogo kwa fedha za vitumbua, akamlea ili aje amuuze, binti yake apate sare za shule.

"Baba," alimwambia mkwewe, "huyo mbuzi ni wangu."

"Kwani wewe si wa nyumba hii?" mkwe akamjibu. "Kabandike maji, mama. Na chumvi uikumbuke, mara ile ulitupikia supu kama ya mgonjwa."

Wazee wenzake wakacheka. Mnaona, ndugu zangu? Kapigwa yeye, kalipa yeye, na sasa apike yeye. Kwa mkono upi?

Jikoni alimkuta jirani aliyekuja kumsaidia kumenya vitunguu. Alikuwa mmoja wa wale kina mama wanaokutana kufundishana sheria, ambao pale kijijini huitwa wavunja ndoa. Alipouona mkono, aliweka kisu chini. Akamweleza taratibu kwamba kumpiga mke ni kosa la jinai, wala hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kulifuta kwa nyama, na kwamba yuko tayari kumsindikiza polisi na hospitali sasa hivi. Mwanamke aliogopa. Akauliza wazee watasemaje.

"Watasema yale yale uliyozoea," jirani alijibu. "Lakini leo ni mkono, dada. Kesho itakuwa shingo."

Mwanamke akamgeukia binti yake. Mtoto alikuwa amechutama mekoni, anachochea kuni bila kutumwa, keshaweka na bakuli za wazee tayari. Alikuwa anajifunza kumpika mbuzi wa suluhu. Hapo mama yake akajifunga kanga.

Wazee walingoja. Aliyekuwa akinoa kisu alipomaliza, alizunguka nyuma ya jiko akakuta kigingi alikofungwa beberu ni kitupu. Mekoni sufuria lilikuwa linatokota maji peke yake. Ukoo mzima ukainuka, na mume pamoja nao. Wakachungulia jikoni, wakapekua zizi, wakatoka hadi barabarani wakimsimamisha kila mpita njia, na swali lao lilikuwa moja tu:

"Mbuzi yuko wapi?"

Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwanamke yuko wapi.

Msiwacheke. Sisi hapa, dada akija ibadani amejifunika uso kwa mtandio, tunauliza nini? Tunauliza ndoa itakuwaje, familia itaitwaje, kanisa litasemwaje. Hao ndio mbuzi wetu. Tunamshikisha mkono na mumewe hapa mbele, tunapiga makofi, kisha tunakwenda kunywa chai aliyoipika yeye. Tumeinywa chai ile, ndugu zangu, na tukaisifu.

Leo hatujaletewa chai. Nimewasikia mlangoni mkiulizana kwa nini imechelewa. Anayeipika hajaonekana tangu jana, na sijasikia mtu akiuliza yuko wapi.

Kina mama wawili wasimame sasa, twende kwake.