Kadi Iliyokuwa Njiani

Joto la Mei jijini Kolkata halina adabu. Huingia nyumbani bila kubisha hodi, likakaa kitandani kwako na kunywa maji yako yote. Katika chumba cha juu cha nyumba ya akina Sutradhar, mtaa wa Nandan Pukur, joto hilo lilikuwa na mshirika: kompyuta ya Nirupam. Ndani yake mlikuwa na kadi ya michoro, kile kipande kinachoipa mashine nguvu ya kuchora picha zinazotembea. Kadi hiyo ilikuwa imezeeka hata feni yake ikakoroma kama babu aliyeshiba wali na samaki. Nirupam aliielekezea feni ya mezani ipate kupoa, yeye mwenyewe akibaki kulowa jasho kama aliyetoka kuoga. Video ya dakika moja iliichukua kadi hiyo siku kumi. Lakini siku ya kumi na moja video ilikuwapo, safi, na kadi hiyo haikuwahi kumwangusha hata mara moja.

Baba yake, Haripada, alikuwa fundi wa mianzi. Kwa miaka thelathini na mmoja, sikukuu ya mungu mke Durga ilipokaribia, ni yeye aliyejenga banda la ibada la mtaa, na watu wa mitaa ya jirani wakaja kulitazama kwa wivu walioufunika kwa pongezi. Sasa magoti yake yalilia kila alipopanda ngazi. Alikwisha kutangaza kwamba mwaka huu ungekuwa wa mwisho, na kwa banda hilo la mwisho alikuwa na wazo alilolilea kama yai: hekalu la miavuli mibovu mitupu, mbavu zake na vitambaa vyake, ambayo alikuwa ameikusanya kwa misimu miwili ya mvua. Kikwazo kilikuwa kimoja. Kamati ya mtaa ilikuwa imeingiwa na usasa. Walisema anayetaka kazi alete video inayoonyesha banda lake kuanzia mlangoni hadi madhabahuni, Jumapili ya tatu ya Juni, kabla ya siku ya kusimika mwanzi wa kwanza. Mchoro wa chaki sakafuni, ambao ndio lugha pekee aliyoijua Haripada, haukutosha tena.

"Mimi nitasema, wewe utachora," Haripada alimwambia mwanawe. "Mwaka huu wewe ndiwe mkono wangu."

Nirupam aliitikia kwa moyo mkunjufu. Kwa bahati mbaya, moyo huo huo ulikuwa na ugonjwa usiotibika hospitalini. Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, alifungua simu kusoma habari za kadi mpya zilizokuwa zikinong'onwa mtandaoni. Aliziangalia picha zenye ukungu ambazo zingeweza kuwa kadi au tofali. Alimsikiliza jamaa mmoja anayevaa kofia hata ndani ya nyumba, ambaye kila wiki aliapa kuwa amepenyezewa siri kutoka kiwandani. Nirupam alijua urefu, uzito na nguvu za kadi ambayo haijazaliwa, lakini hakujua shangazi yake wa Barasat ana watoto wangapi.

Mchochezi mkuu wa ugonjwa huo alikuwa rafiki yake Bultu, fundi wa simu pale kwenye kona. Jioni waliketi barazani na vikombe vya udongo vya chai, wakibishana juu ya kadi kama wazee wanavyobishana juu ya siasa. Bultu alimkumbusha kanuni ambayo wapenzi wa vitu hivi huijua kama jedwali la kuzidisha: kadi ya zamani huuzwa kabla mpya haijatangazwa, kwa sababu siku mpya itakapoonekana, ya zamani itageuka gazeti la jana.

"Hiyo ajuza yako inayokoroma unaitunzia nini, mjomba, urithi?" Bultu alimtania. "Wiki mbili zijazo hata muuza bisi za mchele ataikataa kuwa kibao cha kukatia vitunguu."

Maneno hayo yalimwingia Nirupam kama maji kwenye mchanga. Siku ya pili aliing'oa kadi, akaifunga kwa kitambaa, akaenda nayo soko la Chandni kwa Ashfaq, mnunuzi wa vifaa vilivyotumika. Ashfaq aliigeuza, akaipuliza vumbi, akauliza kama kijana ameshapata nyingine. Nirupam akajibu kwamba iko njiani.

"Zote huwa njiani, mwanangu," Ashfaq alisema. "Nina miaka ishirini hapa, sijawahi kusikia iliyofika."

Hata hivyo alilipa. Kisha akamwonyesha kadi moja ya mwaka uliopita iliyokuwa rafuni, ya nguvu za wastani, inayoweza kuanza kazi siku hiyo hiyo. Nirupam alicheka kwa huruma, kama mtu aliyeonyeshwa embe bichi wakati msimu uko mlangoni. Alikuwa na hesabu yake, na ilikuwa hesabu nzuri sana, isipokuwa ilikuwa mbovu: kwa kadi ya zamani angetumia siku kumi, kwa mpya angetumia mbili, kwa hiyo kungoja wiki mbili hakukuwa hasara yoyote. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, nayo kompyuta ikabaki na tundu tumboni.

Siku ya kadi mpya kuanza kuuzwa mtandaoni ilifika. Nirupam na Bultu waliketi mbele ya simu mbili tangu alasiri. Saa ilipotimu, Nirupam alibonyeza, ukurasa ukaganda, akabonyeza tena. Chai yao haijapoa, kadi zote nchini zilikuwa zimekwisha. Aliandikishwa kwenye orodha ya wanaongoja, nayo orodha ilikuwa ndefu kama mkia wa treni ya mizigo. Yule jamaa wa kofia akatokea kueleza kwamba shehena ya pili iko karibu, tena wenye busara wangesubiri toleo lingine lenye nguvu zaidi. Wiki ikapita. Ya pili ikaanza.

Maji yalipomfika shingoni, Nirupam alikimbilia Chandni. Rafu ya Ashfaq ilikuwa tupu. Waliokosa kadi mpya walikuwa wamezivamia za zamani kama mbuzi walioingia bustani ya bamia. Aliulizia ile yake mwenyewe, akaambiwa ilinunuliwa siku ile ile aliyoileta na sasa inakoromea mjini Siliguri. Akarudi nyumbani kujaribu kuchora bila kadi. Kila picha moja ilichukua dakika ishirini, na dakika moja ya video hutaka picha elfu moja na mia tano. Zilikuwa zimebaki siku tano. Kwa mwendo huo video ingekamilika siku kumi na sita baada ya mkutano wa kamati.

Hakumwambia baba yake. Hapo ndipo alipokosea zaidi, kwa maana Haripada aliendelea kupanda ngazi kila jioni, akiushika ukuta, kuja kuongezea jambo. Mlango ushuke kidogo, alisema, ili kila aingiaye ainame. Kitambaa chekundu kisiwe mbele, kiwe ndani, kionekane mtu akishainua macho. Nirupam aliitikia "Sawa, Baba," huku kioo cha kompyuta akiwa amekigeuzia ukutani. Mzee alidhani anafichwa ili ashangazwe. Akateremka akitabasamu, ngazi moja moja.

Jumapili ilipofika, ukumbi wa klabu ulijaa. Piyali, binti wa mtaa wa nyuma aliyemaliza chuo cha sanaa mwaka ule, alionyesha video ya banda la birika za udongo. Ilikwamakwama kama mtu mwenye kwikwi, kwa kuwa kompyuta yake ilikuwa ya kawaida tu, lakini ilitembea kutoka mlangoni hadi madhabahuni na watu wakapiga makofi. Kisha katibu wa kamati, Bwana Manotosh, akamwita Haripada. Mzee akamgeukia mwanawe.

"Weka, watu waone."

Nirupam aliinamisha kichwa. "Hakuna, Baba. Niliuza kadi. Nilikuwa nangoja mpya."

Haripada hakuuliza kadi ni nini. Aliomba chaki. Akapiga magoti sakafuni, magoti yale yale, akaanza kuchora mlango mfupi na mbavu za miavuli zinazopanda kama ngazi za mbinguni, akieleza kwa sauti ya chini. Baadhi walisogea kutazama. Wengi walitazama simu zao. Alipofika kwenye kitambaa chekundu, Bwana Manotosh aliinama akamgusa bega.

"Kaka Haripada, sisi tunakujua, tunaona unachosema. Wafadhili hawakujui. Wao wanataka video."

Kazi akapewa Piyali. Mzee alijifuta chaki kwenye shuka lake la dhoti, akasaidiwa kuinuka na watu wawili, na mwanawe hakuwa mmoja wao.

Siku ya kusimika mwanzi wa kwanza, mvua ilikuwa imetulia kwa muda. Mwanzi ulipakwa unga wa msandali na rangi nyekundu, kuhani akasoma maombi. Kwa miaka thelathini na mmoja mikono ya kwanza kuushika mwanzi huo ilikuwa ya Haripada. Safari hii alisimama nyuma ya kina mama waliopuliza makombe ya baharini kama baragumu. Bultu alipenya hadi kwa Nirupam, akamnong'oneza kwamba shehena imefika Chandni na jina lake liko juu ya orodha. Nirupam hakugeuza hata shingo.

Vijana wa Piyali walipoanza kufunga mianzi ya pembeni, Haripada aliwatazama kwa muda, kisha akaenda, akafungua fundo walilofunga, akalifunga upya. Akahamia la pili. Kiongozi wa vibarua, asiyemfahamu, akamuuliza kama anatafuta kazi ya kutwa. Haripada akasema ndiyo.

Nirupam alimfuata akamshika mkono. "Twende nyumbani, Baba. Hili si banda lako."

"Fundo lao limelegea," Haripada alijibu bila kuinua macho. "Banda si langu, lakini watoto watakaopita chini yake ni wa mtaa wangu. Nishikie kamba."

Nirupam aliishika kamba na kuivuta, mvua ikaanza tena kuwanyeshea wote wawili, naye akaelewa, akiwa amechelewa kwa mwezi mmoja na maisha mazima ya baba yake, kwa nini wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.