Nati Sita za Sultani Munawari

Hapo zamani, enzi ambayo masultani walikuwa wengi kuliko mafundi, palikuwa na mji ukiitwa Ungwe, na mtawala wake ni Sultani Munawari. Alikuwa mtu mwema kiasi chake, ila alikuwa na maradhi mamoja: kitu chochote kilichotoka ng'ambo alikiona kizuri kabla hajajua ni kitu gani. Na waliomzunguka walikuwa wagonjwa zaidi yake.

Basi siku moja mfalme wa ng'ambo akamletea zawadi ya kerezo la chuma, yaani mashine ya kuzungushia mti ili fundi auchonge mviringo. Pamoja nalo, ndani ya sanduku, mlikuwa na karatasi ya maelezo na kifuko cha ngozi chenye nati sita za shaba. Kila nati ilikuwa na pembe sita kwa nje na tundu katikati, na ndani ya tundu mna ule mkato wa kuzunguka ambao mafundi huuita hesi. Karatasi hakuna aliyeweza kuisoma, ikapelekwa jikoni, wakafungia kashata. Ama nati, ilikuwa desturi ya jumba lile kwamba zawadi ya Sultani haivuki baraza mpaka wakubwa wameionja. Waziri Mselem akazishika, akaona zinang'aa, akasema, "Hizi ni pete za huko kwao."

Akamvisha Sultani moja kwenye dole gumba, akajivisha yake, na nne zilizobaki wakapewa kadhi, mweka hazina, mkuu wa askari na mshairi wa baraza. Mshairi akatunga beti kumi na mbili kuzisifu zile pembe sita. Hata mwezi haukupita, vijana wa mji wakawa wanapanga foleni kwa wafua shaba, wote wanataka pete za pembe, na zinawachubua vidole, na hawasemi.

Nyuma ya soko aliishi fundi mmoja wa kukereza, jina lake Shaweji, fukara wa kutupwa. Kanzu yake ilikuwa moja, na siku ya kufuliwa yeye hushinda ndani amejifunga kanga ya mkewe, Mwanapazi. Kerezo lake lilikuwa la upinde na kamba, na kwa hilo alichonga miguu ya vitanda ya mji mzima. Watu walimwita punguani, kwa sababu akiambiwa neno hulishika vile vile lilivyosemwa, halitii chumvi wala haliondolei.

Ikawa binti Sultani ameposwa, na Sultani, kwa kutaka kuwatia kiwewe wakwe zake, akaahidi kwamba siku ya karamu watakula katika mabakuli arobaini ya mninga, kila moja la kipande kimoja cha mti, yamechongwa kwa kerezo la ng'ambo. Kisha ndipo akakumbuka kuuliza nani atakayeyachonga. Shaweji akaletwa.

Fundi akalizunguka lile kerezo, akalipapasa, akapiga magoti mbele yake kwa furaha. Kisha akainuka uso umembadilika.

"Bwana wangu," akasema, "kerezo hili sijapata kuona mfano wake. Lakini bakuli halishikwi huku na huku kama mguu wa kitanda, maana tumbo lake lazima lichimbwe. Hushikwa upande mmoja tu. Nati huzamishwa ndani ya kigogo cha mvule, ikagandishwa kwa sandarusi, kisha kigogo kikakazwa kwenye ncha hii ya chuma yenye hesi, na bakuli likafungwa juu yake. Vigogo hivyo nitavitengeneza mwenyewe. Nati ndizo siwezi, na kifuko chake hiki hapa kitupu."

Waziri alikuwa akizichezea ndevu zake. Macho ya Shaweji yakaenda kwenye kidole cha Waziri, yakatoka hapo yakaenda kwenye dole gumba la Sultani, yakazunguka baraza. Alipomaliza kuhesabu zilikuwa sita. Nani angethubutu kumwambia Sultani, mbele ya kaumu yote ile, kwamba tangu mwezi uliopita anatembea amevaa kipande cha mashine?

"Katafute basi," akasema Sultani.

"Apewe siku kumi na nne, Bwana wangu," akadakia Waziri. "Akishindwa akatwe mkono wa kulia, kwa kuwa atakuwa ameitia doa zawadi ya mfalme."

Sultani mawazo yake yalikuwa kwa wakwe. "Na iwe hivyo," akasema.

Shaweji akautazama mkono wake. Hakuwa na shamba, hakuwa na ng'ombe. Mkono ule ndio uliokuwa mchele wa nyumba yake, naye aliogopa. Lakini woga haukumfunga ulimi.

"Nimesikia, Bwana wangu. Ila nati ni kitu cha kukazwa. Nikiikuta kwa mtu imeshika, haitoki, nifanyeje?"

"Ichukue pamoja na kile kilichoingia ndani yake," akasema Sultani.

"Hata kama mwenyewe anakipenda?"

"Hata akikililia."

"Na kama ni mtu mkubwa?"

Hapo Waziri akacheka. "Wewe punguani, amri ya Sultani inajua mkubwa?"

"Sijui, Bwana Waziri, ndiyo maana nauliza. Naomba niandikiwe."

Kadhi akaandika neno kwa neno, na Waziri akagonga muhuri kwa mkono ule ule wenye pete.

Basi Shaweji akapewa ile ncha ya chuma, akaanza kuzunguka nayo mjini. Alijaribu nati ya kinu cha mafuta, ikawa pana mno. Alijaribu za saa ya msikitini, zikawa ndogo. Ya mzinga wa ngome iliingia nusu mzunguko ikakwama, hesi zao hazikupatana. Kila alipojaribu aliita mashahidi wawili, na watu wakamcheka hadi wakachoka.

Mwanapazi hakucheka. Siku ya kumi alimwekea uji, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Mume wangu, uliziona siku ile ile. Unazunguka nini na wewe una siku nne za kuwa na mkono?"

"Nimeambiwa nitafute," akasema Shaweji. "Ningesema siku ile ziko wapi, wangesema nimemtukana Sultani. Wacha kwanza mji mzima uone kwamba kwingine hakuna."

Mwanapazi akakaa chini akalia, kisha akamwongezea uji.

Siku ya kumi na nne baraza likajaa. Wakwe wa Sultani wameketi mbele, na mwenye upanga amesimama kando na beseni lake. Shaweji akaingia na ile ncha, akainama.

"Nati ziko wapi?" akauliza Sultani.

"Bwana wangu, nimejaribu kila nati ya mji huu, na mashahidi ninao. Imebaki nyumba hii tu. Naomba nijaribu ile ya kidoleni mwa Waziri."

Waziri akawa mwekundu, akasema hiyo ni pete, na fundi huyu ameingia wazimu. Shaweji hakubishana naye. Akaitoa ile amri, akampa kadhi aisome, na kadhi akaisoma kwa sauti ya kukauka, kwa kuwa naye alikuwa na yake kidoleni. Ikiwa haitoki, ichukuliwe pamoja na kile kilichoingia ndani yake.

Waziri akaivuta. Kwa muda ule wote alikuwa amekula vizuri sana, na kidole kilikuwa kimenona. Akaivuta tena. Mwenye upanga, ambaye alikuwa mtu wa kazi yake tu, akalisogeza beseni kutoka kwa Shaweji akaliweka mbele ya Waziri.

"Leteni sabuni," akasema Waziri. "Leteni mafuta ya nazi. Upesi, jamani, upesi."

Wakakimiminia kidole mafuta, wakasugua, naye akavuta huku machozi yanamtoka, hata ikachomoka na ngozi kidogo. Shaweji akaipangusa kwa kanzu yake, akaiweka kwenye ile ncha, akaizungusha. Ikaingia laini mpaka mwisho. Wale wanne wengine hawakungoja kuombwa. Kadhi alivua, mweka hazina alivua, mkuu wa askari alivua kwa meno, na mshairi, akivua yake wa mwisho, akasema kwamba yeye tangu mwanzo hakuipenda.

"Zimekuwa tano," akasema Sultani polepole. "Na kifuko kilikuwa cha nati ngapi?"

"Cha nati sita, Bwana wangu."

"Ya sita iko wapi?"

Wakwe walikuwa wameanza kulitazama lile dole gumba.

"Bwana wangu," akasema Shaweji, "mimi niliamriwa nitafute nati. Hiyo ya kwako sijaijaribu, na nisichokijaribu siwezi kukiita nati. Mpaka sasa ni pete."

Sultani akainama, uso wake umeiva kwa haya. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akacheka hadi kilemba kikamwangukia machoni. Akaivua mwenyewe, akateremka kitini, akaikaza kwenye ile ncha kwa mkono wake mbele ya wakwe wote.

"Sasa ni nati," akasema.

Mabakuli arobaini yakachongwa, na gurudumu la kerezo lilizungushwa na Waziri Mselem, kwa amri iliyoandikwa na kugongwa muhuri, kila siku tangu alfajiri hadi adhuhuri, mpaka siku ya karamu. Shaweji akapewa kanzu nne na jina la Fundi Mkuu.

Siku moja Sultani akaja karakana, akakaa juu ya gogo, akamwuliza, "Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza, Bwana wangu, mkono uliotakiwa ulikuwa wangu, nawe ulisema na iwe hivyo."

Safari hii Sultani hakucheka. Maranda yakimwangukia miguuni, akamwomba fundi msamaha, na fundi akampa.