Mkaja wa Bi Mwanasiti

Hapo zamani, si zamani za wafalme bali zamani za juzijuzi tu, vidonge vya hospitali vikiwa vimekwishafika mjini kwetu, palikuwa na Bi Mwanasiti, bingwa wa vigelegele. Basi huzuni ikamshika. Akalala miezi, hali, hacheki. Daktari akampa vidonge, na wiki ya tano huzuni ikaanza kumwachia.

Lakini kinywa, jamani! Kilikauka kau. Na kichefuchefu kila asubuhi. Akijaribu kigelegele, unatoka upepo mtupu. Na harusi ya bintiye Rukia ilikuwa imekaribia, na kwao hapigi mtu kigelegele kabla ya mama wa bibi harusi!

Akafanya nini? Akavitupa vidonge chooni, kimyakimya. Huzuni ikarudi mbio.

Wifi yake, Mwanahamisi, akamfuma. Akampeleka kwa daktari na kusema yote palepale. Daktari akamwanzisha upya, kwa kipimo kidogo, ameze akishakula. Bi Mwanasiti alikasirika! Siku nane hakumsemesha wifi yake.

Mumewe Hatibu, asiyejua hata jiko linawashwaje, akajifunza kupika uji. Kila asubuhi uji, ndipo kidonge. Kichefuchefu kikapungua.

Shoga yake Kibibi naye alikuja kila alasiri na ukwaju na chupa ya maji. "Mung'unya, shoga, mate yaje! Haya, piga!" Upepo. "Piga tena!"

Siku ya harusi mkaja ukaletwa, doti ya kanga nyekundu, haki ya mama mzazi. Wanawake wakamsubiri mama aanze. Bi Mwanasiti akalowesha ulimi, akafumba macho, na kigelegele kikapaa! Nyumba nzima ikaitikia. Akalia kwa furaha, akasema, "Mkaja huu ni wa aliyenirudishia sauti yangu!"

"Basi lete!" akaruka Mwanahamisi. "Nisingesema, ungekuwa kitandani. Tena nikanuniwa siku nane!"

"Na uji je?" akapaza sauti Hatibu kutoka barazani. "Bila uji ungekitapika kidonge. Vidole vyangu vimeungua!"

"Mwanamume na mkaja wapi na wapi!" akacheka Kibibi. "Mimi ndiye niliyeufundisha ulimi huo upya!"

Rukia akafunua ushungi. "Na aliyemeza je? Kila siku, kinywa kikavu, ili aione harusi yangu?"

Bi Mwanasiti kasimama, mkaja mkononi, na kila mtu anamtazama yeye.

Haya, mnaonisikiliza, mimi nimeshindwa kukata shauri. Semeni nyinyi: nani alistahili mkaja ule?