Pimbi Aliyembeba Mwanawe

Paukwa!

Pakawa!

Watoto, kaeni. Na nyinyi wazazi mnaojivunia mashavu ya watoto wenu, sogeeni karibu zaidi, maana leo nina lenu.

Hapo zamani za kale, juu ya majabali, aliishi Pimbi na mwanawe mmoja, Kibonge. Pimbi alimpenda mwanawe, akampenda, akampenda mpaka akapitiliza. Asubuhi alimbeba kwenda kuota jua. Mchana alimbeba kwenda kula. Akishiba, alimwongeza. Akikataa, alimbembeleza. Majirani walisifu kwamba mtoto yule ana afya, na Pimbi akavimba kichwa.

Watoto wengine walicheza kombolela. Mmoja anahesabu, wenzake mbio mbio, vup! kwenye ufa wa mwamba. Kibonge akitaka kushuka, mama alimzuia. Alisema mchezo utamkondesha.

"Wifi, mshushe mtoto acheze," dada wa mumewe alimwambia.

"Ungekuwa na mtoto mnene kama wangu, usingesema hivyo," Pimbi akajibu.

Siku moja Pimbi alimweka Kibonge juani, akaenda hatua kumi kumchumia majani mororo. Mara pimbi wa zamu ya ulinzi akapiga mluzi. Fyuu! Tai anakuja. Watoto wote mbio mbio, vup, vup, vup, wakaingia ufani.

"Kimbia, mwanangu!" mama alipiga kelele.

Jamani, Kibonge hakukimbia. Aliketi pale pale, akanyoosha mikono yote miwili juu, akangoja kubebwa.

Pimbi aliganda. Maishani mwake hakuwahi kuona jambo la kutisha kama ile mikono. Alirudi mbio, akamshika, lakini kwa haraka ile na uzito ule, mtoto hanyanyuliki. Kivuli cha tai kikawafunika. Akamsukuma, akambingirisha, wifi, aliyekwisha kuingia ufani, akamvuta kutoka ndani, puu! wakaanguka ufani. Kucha za tai zilikuwa zimemchana Pimbi mgongoni, damu inatiririka.

Wala hakuhisi. Alimtazama wifi yake kwa macho yaliyomtoka.

"Miguu anayo, wifi. Mimi ndiye niliyemnyima kuitumia."

Kesho yake alimshusha Kibonge katikati ya wenzake. Kibonge akaanguka, akahema, akalia. Pimbi naye akalia, lakini hakumbeba.

Wazazi, mmesikia. Mtoto mdogo apewe chakula cha kumtosha, na apewe nafasi ya kukimbia. Kumbeba kutwa na kumjaza tumbo ni kumdhuru, hata kama unampenda.

Hadithi yangu imeishia hapo. Haya, watoto, inukeni mkacheze.