Mjomba Tuliyemwokota Njiani

"Nabweka, nabweka!"
"Bweka, masikio tunayo!"
"Nibweke kweli au nibweke uongo?"
"Changanya, ilimradi inoge!"

Basi hapo kale, mimi mbwa mdogo niitwaye Tutaona nilifunga safari na watu wangu. Mbele alikuwa Punda, akivuta mkokoteni. Juu ya mkokoteni alikaa Mama Zaina na mtoto wake. Pembeni alitembea bwana wangu, Semkiwa, na fimbo yake. Nyuma, kwenye kamba, alikuja mbuzi wa maziwa.

Tulikuwa tunakwenda kwa Bibi Mwantumu, mama yake Mama Zaina. Bibi hakuwa na meno, hakuwa na ng'ombe, na uji wake mwaka mzima ulikuwa wa maji matupu. Mbuzi yule tulikuwa tunampelekea, apate maziwa.

Mkokoteni kwichi, kwichi. Sisi twende, twende.

Chini ya kilima akatokea Fisi, mkubwa, mdomo wazi.

"Punda, mbuzi au mtoto," alisema. "Leo nina huruma. Chagueni mmoja tu."

Semkiwa akainua fimbo. Mama Zaina akamkumbatia mtoto. Punda akasema, "Nimesikia mbuzi ni mtamu kuliko mimi."

Nilijua nikibweka nitamezwa wa kwanza. Basi nikakaa chini vizuri, nikasema:

"Shikamoo, mjomba."

Fisi akatazama nyuma. Hakukuwa na mtu.

"Unamwamkia nani?"

"Wewe, mjomba. Mkia unao, meno unayo. Kwetu mwenye hayo ni ndugu wa mama."

Fisi akageuka kuutazama mkia wake. "Mimi sijawahi kuamkiwa. Hujibiwa nini?"

"Marahaba."

"Ma-ra-ha-ba," alisema, kama anayetafuna kitu cha moto.

"Sasa mjomba, utakulaje njiani kama mwizi? Twende kwa Bibi. Huko mjomba hupewa kigoda, hunawishwa mikono, hukaribishwa chakula. Ila mjomba hapandi kilima akitazama tu. Sukuma mkokoteni."

"Mjomba wako huyo, si wangu," Punda akaninong'oneza. Lakini alipoona Fisi anasukuma na mzigo umekuwa mwepesi, akaita kwa sauti, "Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba!"

Mkokoteni kwichi, kwichi. Sisi twende, twende.

Njiani nikamfundisha adabu. "Mgeni wa heshima akikaribishwa chakula mara ya kwanza, husema nimeshiba. Mara ya pili, nimeshiba. Mara ya tatu ndipo hula, tena hula mpaka achoke."

Sikumwambia kuwa Bibi Mwantumu hakaribishi mara ya tatu. Yeye huamini anachoambiwa. Nilitaka Fisi achoke, ashinde na njaa, aondoke na aibu yake.

Tukafika. Macho ya Bibi hayakuona vizuri, kwa hiyo alimshika kila mmoja kichwani. Akamshika na Fisi.

"Na huyu?"

"Mjomba," nikasema haraka.

"Shikamoo, Bibi," akasema Fisi. Hilo sikumfundisha.

"Marahaba, baba. Pole, mgongo umeinama kwa kazi. Wa kwenu hawajambo? Mmepita salama njiani?"

Fisi akajibu moja moja, taratibu, kama asiyetaka maswali yaishe.

Ugali ukaja, na mlenda.

"Karibu, baba."

"Nimeshiba." Tumbo lake likasema nguru!

"Karibu, jamani."

"Nimeshiba." Nguru-nguru!

"Haya, aliyeshiba halazimishwi," akasema Bibi, akafunika chungu.

Fisi akanitazama. Mimi nikajikuna sikio.

Ndipo Semkiwa akamleta mbuzi. "Mama, maziwa yako haya." Bibi akalia. Kisha akafuta machozi, akachukua bakuli.

"Nimkamue sasa hivi. Mjomba, wewe una nguvu. Nishikie."

Akampa Fisi kamba.

Mama Zaina hakupumua. Semkiwa hakupumua. Ujanja wangu wote niliutumia njiani, na pale sikuwa nao hata wa kuramba. Shingo ya mbuzi ilikuwa kando ya mdomo wa Fisi. Udenda ukadondoka, to, to. Maziwa yakaingia bakulini, chwii, chwii. Kamba haikulegea.

Bibi alipomaliza akampa Fisi bakuli. "Kwanza mgeni. Na hiki ni kinywaji, usiniambie umeshiba."

Fisi akanywa. Akaaga kila mmoja, hata mbuzi, akaenda zake.

Siku ya nne tukarudi. Chini ya kilima, mahali pale pale, Fisi alikuwa amekaa, amekonda. Semkiwa akainua fimbo. Fisi hakumtazama Punda, wala mtoto. Alinitazama mimi.

"Bibi kaniulizia?"

"Kakuulizia, mjomba."

Mpaka leo sijui kama nilidanganya. Bibi aliulizia watu wengi siku zile, na mimi nilikuwa uani na mfupa wangu.

Mfupa wenyewe umeishia hapa. Aliyeuona mtamu aubebe, aliyeuona mkavu anirudishie, nitaufukia.

Na funzo ni hili, watoto: ukikutana na fisi njiani, usimwamkie hata kidogo. Kimbia! Ukimwamkia atakuwa ndugu, na ndugu huwezi kumpita hivi hivi. Sisi tangu siku ile safari ya kwa Bibi imekuwa ndefu, maana lazima tusimame pale chini ya kilima.