Jina la Kumwita Mwingine

Wewe unayeguna, nyamaza kwanza. Unauliza mambo ya Uchina nimeyajuaje, mimi niliyeishia darasa la nne. Ya Farao ulinisikiliza mpaka mwisho, nako Misri sijafika. Kaa usikie.

Mtu mmoja wa Uchina alikuwa na shamba la chai mlimani, mke, na binti wa siku ishirini asiye na jina. Kwao jina la mtoto huchaguliwa kwa maana yake, na katika nyumba hiyo babu ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mume, Guoliang, alitaka binti aitwe Zhaodi, maana yake: mwite mdogo wako wa kiume aje. Wasichana wengi wa kule wamebebeshwa jina hilo. Mke, Suyin, alitaka aitwe An, yaani utulivu. Neno hilo huandikwa kwa kuchora mwanamke chini ya paa. Suyin alitaka mwanawe awe na paa lake, asiwe njia ya kupitia mwenzake.

"Mvulana ukimtaka mwite mwenyewe, mdomo unao," alimwambia mumewe.

Mume hakucheka. Aliandika majina yote mawili kwenye karatasi, wakampelekea babu. Suyin alifuata nyuma, amembana mtoto kifuani mpaka akalia. Alijua mzee yule naye ni mwanamume, tena mtoto wa kiume wa pekee kwa baba yake.

Mzee alikuwa akichambua majani ya chai. Akajifuta mikono, akasoma. Kidole chake kikasimama juu ya Zhaodi, kikakaa hapo. Suyin akajua amekwisha.

"Hili lilikuwa jina la dada yangu," mzee akasema. "Siku niliyozaliwa mimi, kazi yake ikaisha. Tangu hapo hakuna aliyemwita ila kumtuma."

Akalikata kwa kalamu, akabakiza An.

Guoliang akainama. Kisha akampokea mtoto, akamwita kwa jina lake, mara ya kwanza kwa kunong'ona, ya pili kwa sauti. Pumzi iliyomkaa Suyin kifuani siku ishirini ikamtoka. Akaketi pale pale sakafuni, akaomba chai.

Sasa nyie mnaomngoja wa kiume: huyu wa kike aliyekwisha kufika mmempa jina, au mmempa kazi? Msinijibu mimi. Mimi natoka, na mlango naufunga.